Nimefagia dari yenye mavi ya panya halafu homa ikanishika: jibu kwa dada wa Uru

Swali nimelifupisha kidogo, mwenyewe ameniruhusu:

"Shikamoo Dokta. Naishi Uru juu huku Moshi, kihamba chetu (shamba la nyumbani) kinapakana na msitu wa mlima Kilimanjaro. Wiki mbili zilizopita nilipanda dari ya jikoni kwa mama mkwe kushusha mahindi ya mwaka jana, nikakuta panya wamejazana, mavi kila mahali na viota vya matambara. Nikafagia, vumbi likaniingia mpaka puani. Siku ya tisa homa kali, kichwa, miguu inauma kushuka kitandani shida. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu ila dawa ya malaria nikapewa hivyo hivyo. Sasa homa imepungua lakini macho bado mekundu na sina nguvu. Mdogo wangu anasema kuna Lassa na hanta zinaua watu wa vijiji vya msituni huko Guinea na Kongo, na sisi ni watu wa msituni. Je ndio nimepata hizo? Watoto niwakataze kwenda kukata majani ya ng'ombe pembeni ya msitu? Niweke sumu au nitafute paka? Na mama mkwe amegoma kabisa, hataki dari yake ivunjwe."

Marahaba binti yangu, na pole sana. Nianze na wewe kabla ya panya. Nenda hospitali leo, usisubiri Jumatatu, na ukifika usiseme tu "nina homa" maana ukisema hivyo umempa daktari neno ambalo wagonjwa wote kwenye foleni wanalo. Mwambie hivi: nilifagia dari yenye mavi ya panya, siku ya tisa homa ikaanza, vigimbi vinauma, macho mekundu, malaria hamna, nyumbani tunafuga ng'ombe. Andika kwenye karatasi kabisa ukampe mkononi. Kama mkojo umepungua, au weupe wa macho umegeuka njano, au kifua kinabana na kukohoa damu, hiyo sio ya kusubiri hata usiku mmoja, tafuta gari muda huo huo. Na kama una mimba au unahisi unayo, sema kabla hujaandikiwa dawa yoyote.

Kinachonijia kichwani kwanza nikisoma maelezo yako ni homa ya mgunda, ile iliyotushtua wote Julai 2022 pale Ruangwa mkoani Lindi, watu wanaumwa na kutokwa damu puani na hakuna anayejua ni nini mpaka maabara ilipotoa jibu. Hiyo inaletwa na bakteria, kirusi hakimo kabisa. Panya anayo kwenye figo, anaitoa kwenye mkojo, na ng'ombe na nguruwe wanaweza kuitoa pia, halafu inamwingia mtu kupitia mchubuko, macho, pua au mdomo. Homa, kichwa, misuli ya miguu hasa vigimbi, macho mekundu yasiyo na usaha, yani umeyataja karibu yote wewe mwenyewe. Siwezi kukupima kwa maneno, inawezekana ikawa kitu kingine kabisa na ndio maana nimesema nenda, ila nimeitanguliza kwasababu hii ina dawa, antibayotiki za kawaida kama doksisaiklini au penisilini ambazo hospitali zinazo, na ikiwahiwa mtu anapona vizuri. Ikicheleweshwa inaenda kwenye figo na ini.

Halafu hilo la kupewa dawa ya malaria wakati kipimo hakijaonyesha malaria linaniuma, nalisikia karibu kila wiki. Hapa hapa Moshi ulifanyika utafiti wa wagonjwa 870 waliolazwa na homa hospitali za KCMC na Mawenzi mwaka 2007 na 2008. Kati yao 528 walidhaniwa kuwa na malaria. Damu ilipochunguzwa vizuri, waliokuwa na malaria kweli ni 14. Kumi na nne tu! Waliobaki walikuwa na mambo mengine, na kwenye waliopimwa homa ya mgunda karibu 9 katika kila 100 walikuwa nayo, wengine wakawa na homa zinazotoka kwa ng'ombe na mbuzi, wengine za kupe, wengine chikungunya ya mbu. Kwahiyo homa yako ikikataa kuitwa malaria usiichukulie kama jambo la ajabu, huku kwetu ndio kawaida, na anayeweza kumsaidia daktari kuifuatilia ni wewe unayejua ulikuwa wapi na umeshika nini.

Sasa twende kwa hizo Lassa na hanta, maana mdogo wako hajasema uongo, zipo kweli na zinaua kweli, ila kuna mahali zinapoishi.

Lassa ni jina la mji mdogo kaskazini mashariki mwa Nigeria, ugonjwa ukajulikana mwaka 1969 baada ya manesi wa misheni kuugua na kufa. Miaka mitatu baadaye, Sierra Leone, ndio akakamatwa mwenye nao: panya mdogo wa rangi ya udongo ambaye wewe na mimi tunamwita panya shamba, wataalamu wanamwita Mastomys natalensis. Huyu jike lake lina chuchu nyingi kuliko panya wengine, anaweza kuwa nazo mpaka 24, mvua zikinyesha vizuri na chakula kikawepo anazaa kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja, kwahiyo ukiona mwaka panya wamefurika ujue miezi michache nyuma kulikuwa na neema ya mvua. Afrika Magharibi inakadiriwa watu laki moja mpaka laki tatu wanapata kirusi cha Lassa kila mwaka na kama 5,000 wanakufa. Lakini kati ya kila kumi wanaokipata, nane hivi hawaumwi sana au hawajui kabisa kama wamekipata. Wanaougua wakapona, wengi wao wanabaki na shida ya masikio, karibu theluthi moja wanapoteza kusikia, wengine kwa muda wengine moja kwa moja. Hilo la masikio halisemwi sana na mimi linaniuma kuliko yote, mama wa kijijini amepona homa anamshukuru Mungu halafu hasikii tena mtoto akilia.

Swali lako la msingi basi ni hili: panya shamba huyo si tunaye hata sisi? Tunaye, tena tele. Shuka tambarare ya Kahe au upande wa mashamba ya miwa ya TPC wakati wa kuvuna mahindi utamwona. Wenzetu wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, wamemfuatilia tangu miaka ya themanini, kwasababu ya mazao kwanza, na baadaye wakaanza kuangalia na magonjwa aliyobeba. Wakakuta kweli ana virusi vya ukoo mmoja na Lassa, kimoja kikapewa jina la Morogoro mwaka 2009, kingine kikaitwa Gairo mwaka 2015. Usishtuke. Hivyo viwili havijulikani kumwumiza binadamu. Na kuna jambo hapo ambalo mimi nikiliwaza bado linanishangaza: panya shamba ingawa tunamwona mmoja, kwa damu amegawanyika koo koo Afrika nzima, wa magharibi ni wengine, wa huku mashariki ni wengine, na kila ukoo una kirusi chake. Mkoani Morogoro kuna sehemu koo mbili zinakutana, panya wanazaliana mpakani pale, lakini kirusi cha Gairo kinabaki upande wa wenyewe na cha Morogoro upande wa wenyewe. Lassa nayo iko kwa ukoo wa magharibi. Kwahiyo panya wa dari ya mama mkwe wako hana Lassa ya kukupa. Anayeweza kuileta huku ni mtu aliyesafiri kutoka huko akiwa mgonjwa, na huyo ataulizwa alikotoka.

Tena naomba uende ukawaangalie hao panya wenyewe, kwa tochi, bila kuwasogelea. Mara nyingi wa darini kwetu ni panya mweusi wa nyumbani, mkia mrefu kuliko mwili, mpandaji hodari, mavi yake yana ncha huku na huku na urefu unazidi sentimita moja kidogo. Kama mavi ni madogo kama punje ya mchele uliokatika basi ni kale kapanya kadogo ka ndani. Panya shamba yeye huku Tanzania anakaa zaidi mashambani na kwenye mashimo, na hapa ndio kuna tofauti na Guinea na Sierra Leone, kule ameingia nyumbani kabisa, anakaa ukutani na kwenye stoo ya mpunga, analala na watu chumba kimoja.

Hanta nazo ni ukoo mkubwa wa virusi, jina limetoka kwenye mto mmoja wa Korea. Kwa Afrika cha kwanza kilipatikana Guinea, kikatangazwa mwaka 2006, kwenye panya mdogo wa msituni, kikaitwa Sangassou kwa jina la kijiji. Baadaye baadhi ya watu wa misitu ile wakapimwa damu wakakutwa na kingamwili zake, maana yake kirusi kiliwahi kuwapitia. Na hapa lazima nikwambie ukweli wote hata kama mdogo wako atasema "si nilikwambia": hata mlima wetu una chake. Kinaitwa kirusi cha Kilimanjaro, kilitangazwa 2014, kimepatikana kwa kirukanjia, yule kiumbe wa pua ndefu anayekula wadudu ambaye watu wanamwita panya na wala sio panya. Kirukanjia huyo yuko mlima huu tu duniani kote, anaishi juu msituni na kupanda. Hicho kirusi hakijahusishwa na ugonjwa wowote wa binadamu. Nimekitaja usije ukakutana nacho kwenye simu usiku wa manane ukakosa usingizi.

Kongo ndio kwenye mpox. Mtu wa kwanza kujulikana nayo alikuwa mtoto mchanga wa miezi tisa mwaka 1970, kijiji cha msituni jimbo la Equateur. Tumezoea kuiita ndui ya nyani kwasababu mara ya kwanza ilionekana kwa nyani waliokuwa maabara huko Copenhagen 1958, ila nyani mwenyewe anaambukizwa tu kama sisi, wanaoshukiwa kuitunza ni wanyama wa jamii ya panya, na mwaka 1985 ilipatikana kwa kindi mmoja wa misitu ile aliyekuwa anaumwa. Watoto wa vijiji vile wanatega kindi na panya, wanachuna wenyewe, wanachoma wanakula, ndio nyama yao. Mwaka 2003 ilifika mpaka Marekani kwa panya buku waliosafirishwa kutoka Ghana kuuzwa kama wanyama wa kufuga, wagonjwa 47 na hakuna aliyekufa. Ile iliyothibitishwa hapa Tanzania Machi 2025 ni habari nyingine, siku hizi inatembea mtu kwa mtu kwa kugusana, panya wako hawahusiki.

Nimeandika yote haya ili uone kitu kimoja. Kwenye vijiji vya Sierra Leone walipopima damu zamani hizo, kijiji kimoja wenye kingamwili za Lassa walikuwa asilimia 8, kijiji kingine asilimia 52. Nchi moja, panya walewale. Tofauti inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa inatoka kwenye namna watu na panya wanavyokutana. Nyumba ina matundu au haina, mpunga uko chini au umeinuliwa, chakula kinafunikwa au kinalala wazi, panya wanaliwa au hawaliwi. Guinea walikuta waliokuwa wanawinda na kula panya wana kingamwili nyingi kuliko wasiokula, na sio kwamba nyama iliyoiva inaua, moto unakimaliza kirusi, shida iko kwenye kumkamata akiwa hai, kumchuna, damu ikiingia kwenye mkwaruzo wa kidole. Huku kwetu kusini pia panya wanaliwa, ni kitoweo cha heshima na sina neno nacho, ila nikipata nafasi nawaambia wachunaji wavae hata mfuko wa nailoni mkononi na wasichune wakiwa na kidonda.

Na panya shamba msitu mnene hapendi. Anapenda palipofyekwa. Ukikata miti ukapanda mahindi umemfungulia njia, ukivuna ukaweka gunia ndani umemkaribisha nyumbani. Fikiria kwenu: mahindi mmelima shamba la chini tambarare, yamebebwa na pikapu mpaka juu Uru, yakapandishwa darini, na panya wamekuja kwa ajili yake, wengine hata wamesafiri ndani ya mabua na magunia. Hakuna aliyetoka msituni hapo. Kwahiyo watoto kwenda kukata majani sio hapo penye tatizo. Waende, wavae viatu vya kufunika au mabuti, wasiingize mkono kwenye shimo wala kuokota mnyama aliyekufa hata kama anaonekana mzuri, wakirudi wanawe kwa sabuni kabla ya kula. Mtoto akikuta kindi au panya anayetembea kama amelewa asimguse, aje aseme. Ukimfungia mtoto asione msitu halafu unamtuma apande dari akafagie, umemtoa kwenye usalama umempeleka kwenye hatari.

Nikuonyeshe kwanini. Sisi tukitega panya kwa utafiti tunatumia mitego ya boksi la bati, chambo ni siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi, unatega jioni unakagua alfajiri kabla jua halijapanda. Ukifungua mlango kidogo na kumsukuma panya kwenye mfuko wa kitambaa, kitu cha kwanza anachofanya ni kukojoa. Matone madogo tu, kitambaa kinalowa doa la ukubwa wa sarafu, na dakika chache baadaye limekauka huoni kitu. Na hata asipokamatwa anadondosha vitone akitembea, ndio njia yake ya kuandika "hapa ni kwangu". Jaribu kunyunyiza unga mwembamba sakafuni usiku, asubuhi utaona njia yake imenyooka ukutani, ile ile kila siku, na kwenye boriti anapopita kuna mstari mweusi wa mafuta ya manyoya. Sasa chukua miezi minane ya vitone juu ya mbao za dari, vimekauka, juu yake mavi, juu yake matambara, halafu mtu aje na ufagio mkavu, madirisha yamefungwa. Hilo vumbi ulilovuta ndilo la kuogopa. Mgonjwa wa hanta huko Marekani aliyesafisha kibanda kilichofungwa muda mrefu na wewe wa Uru mmefanya tendo moja, mmetofautiana tu kilichokuwemo kwenye vumbi.

Kwahiyo dari ikisafishwa, na isafishwe na mtu mwingine kwa sasa, wewe pumzika, iwe hivi. Kwanza fungua milango na madirisha, mtoke nje nusu saa nzima hewa ipite. Vaa glavu, kama hamna basi mifuko miwili ya nailoni kila mkono, na barakoa, na nguo ya mikono mirefu ambayo itaingia kwenye maji ya sabuni moja kwa moja. Changanya Jik (ile dawa ya kung'arisha nguo) kikombe kimoja na maji vikombe tisa, mimina kwenye chupa ya spreyi au hata tumia tawi la majani kunyunyizia polepole bila kurusha, loanisha mavi na viota mpaka vitote, subiri dakika kumi. Ndio uokote kwa karatasi au matambara, weka kwenye mfuko, funga, mfuko ndani ya mfuko, zika mbali na kisima au mfereji. Kisha futa mbao kwa tambara lenye maji hayo hayo. Ufagio usiguse pale kabla hapajalowa, hiyo ndio sehemu watu wanaharibu, wanasafisha kwa bidii halafu wanavuta kila kitu. Panya aliyekufa naye analoweshwa kwanza hivyo hivyo. Na Jik usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, inatoa hewa inayochoma mapafu.

Mahindi yaliyochafuliwa sana msile na kuku msiwape, najua inauma. Yaliyo mazuri yapepetwe nje kwenye upepo, mpepetaji akiwa upande unaotoka upepo, yaoshwe, yaanikwe juani, ugali ukiiva umeiva.

Sumu siipendi kwa nyumba yenye watoto na dari, nimeona mtoto aliyelamba chambo cha sumu na sitaki kuona tena. Panya pia anakula anaenda kufia ndani ya ukuta, ananuka wiki mbili, na paka wako akimla na yeye anakwenda. Mtego wa kubana wa sokoni unatosha ukitega mingi kwa pamoja, kumi usiku mmoja kuliko mmoja kwa siku kumi, uweke kwenye ile njia yenye mstari mweusi ukigusa ukuta. Miaka ya mwanzo ya sitini, mji mmoja wa Bolivia uitwao San Joaquín ulishikwa na homa ya kutoka damu, kirusi cha panya wa kule, paka walikuwa wamepungua sana pale mjini na panya wameingia majumbani. Hawakuwa na chanjo wala dawa. Walitega panya nyumba kwa nyumba, mlipuko ukaisha ndani ya wiki chache. Kwahiyo ndiyo, paka mtafute, paka jike anayewinda ni mali, harufu yake tu inawapa panya wasiwasi, ila usimtegemee peke yake wakati gunia liko wazi maana panya wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoliwa.

Mama mkwe wako mwache na dari yake, na mwambie nimesema yuko sahihi. Wazee walijenga dari juu ya mafiga kwa akili, moshi ulikuwa unapita kwenye mahindi kila siku, yanakauka, wadudu wanakimbia, na bibi alikuwa anapanda kila siku kuchukua ya kupika kwahiyo panya hapati mwezi mzima wa amani. Kilichobadilika ni kwamba mmehamia kwenye gesi, moto unawashwa Jumapili, na mahindi ya mwaka jana yamekaa mpaka mwaka huu. Ya kula muyaweke kwenye pipa la bati au plastiki gumu lenye mfuniko, au ile mifuko ya tabaka tatu ndani ya pipa, mifuko peke yake panya anatoboa. Yanayobaki darini yawe ya mbegu yaliyofungwa na kuning'inizwa. Nguzo zinazopanda dari zifungeni bati laini kuzunguka, upana kama dhiraa moja hivi, kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu, panya akifika pale kucha zinateleza anarudi chini. Tawi la mparachichi linalogusa paa likatwe, na tundu lolote linaloingiza hata penseli lizibwe kwa wavu wa chuma na saruji, kwa udongo mtupu atachimba tena usiku huo huo.

Hayo ya nguzo mume wako na fundi wanayamaliza kwa siku moja. Wewe chukua ile karatasi uende, na majibu ya figo na ini yakitoka niandikie namba zilivyo nikusomee.